Kasha la Seva Tulitengeneze Wenyewe, Hapa Hapa Rumonge

Vijana wenzetu, na ninyi ndugu wa mashirika mnaotusoma, leo tuongee juu ya bati.

Alama za vidole vyetu ziko kwenye kompyuta za HCR. Kazi nzuri, hatuilaumu. Lakini buletini ya shule ya Baraka, diploma ya serikali iliyotoka Uvira, cheti cha ubatizo, picha ya marehemu babu, hivyo nani anavitunza? Viko ndani ya simu moja yenye kioo kilichopasuka. Simu ikiibiwa sokoni au ikianguka ziwani, umesoma miaka kumi na miwili na huna ushahidi.

Tunaambiwa: wekeni kwenye intaneti. Sawa, mwenye bando aweke. Ila sisi tuko na shida ambayo wenzetu wa ofisini hawaioni haraka. Akaunti nyingi zimefungwa na namba ya simu, na mkimbizi akivuka mpaka anabadilisha namba. Mwaka mmoja baadaye unaulizwa msimbo uliotumwa kwenye laini ya Kongo ambayo haipo tena. Vitu vyako vipo, lakini mlango umefungwa.

Ndio maana tunataka seva yetu ya kuhifadhia, na tunataka kasha lake litengenezwe na mafundi wa hapa. Wanaochomelea milango, vitanda na mitambo ya kukamulia mawese hawawezi kushindwa na sanduku la bati. Kasha la kutoka nje ni zito, na usafiri wake unakula pesa ambayo ingenunua diski. Kwenye seva ya kuhifadhia, mali yenyewe ni diski. Kasha ni nyumba tu.

Kwa nini la kufungwa kwenye raki, na sio boksi la kawaida mezani? Kwa sababu raki ina vipimo vya dunia nzima, vilivyoanzia kwenye vituo vya simu vya Marekani miaka ya 1920. Uso wa kasha ni inchi 19, yaani sentimita 48.26. Urefu wa kwenda juu unahesabiwa kwa yuniti, na yuniti moja ni milimita 44.45. Fundi wetu akifuata namba hizo, kasha la Rumonge litaingia kwenye raki yoyote, Bujumbura au Nairobi. Na raki unaifunga ukutani, juu. Mwaka 2024 ziwa lilipanda likaingia kwenye nyumba za watu. Hatuweki kumbukumbu za watu sakafuni tena. Halafu tukiambiwa tuhame, tunafungua skrubu nne tunabeba. Kuhama tunakujua.

Mchoro wetu uko hivi. Kasha la yuniti 4, karibu sentimita 17.8 kwenda juu. Mwili usizidi sentimita 44 kwa upana, ili upite katikati ya nguzo za raki. Diski kubwa ina upana wa sentimita 10 na unene wa 2.6, ukiisimamisha kwa ubavu inaenea vizuri. Kati ya diski na diski tuache zaidi ya sentimita moja hewa ipite. Chini yake vipande vya mpira wa tairi la baiskeli, vinapunguza mtikisiko. Mbele feni mbili za sentimita 12 zinazovuta hewa kupitia sponji, maana vumbi la hapa na moshi wa mawese mnaujua. Sponji inaoshwa kila wiki. Kuchomelea, kutoboa na kupaka rangi vyote viishe kabla kifaa chochote hakijaingia: unga wa chuma ukidondoka kwenye bodi, kwaheri. Na waya wa ardhi ufungwe kwenye bati, hilo halina mjadala.

Umeme nao. Diski moja inayozunguka inakula kama wati 5 hadi 8, na wakati wa kuwaka inaweza kuvuta zaidi ya 20. Basi tuanze na diski mbili, kila kitu kinaandikwa kote kuwili, pamoja na betri ya kuipa seva nafasi ya kuzima vizuri umeme ukikatika. Nafasi zingine zibaki wazi, tutajaza pole pole. Kwenye seva hiyo hiyo wadogo zetu watasoma Wikipedia kwa Kiwix na masomo ya Kolibri, bila bando.

Sasa neno gumu. Sanduku lenye vyeti vya wakimbizi ni kitu cha hatari. Kuna majina humo, vijiji, kabila la mtu linalosomeka kwenye jina lake. Likiangukia mkono mbaya, tumewaumiza watu wetu wenyewe. Kwa hiyo diski zifungwe kwa nywila, kusudi mwizi akiichomoa abaki na chuma tupu. Nywila waijue watu watatu, mmoja wao awe mama. Na nakala ya tatu, nayo imefungwa, ikae mji mwingine. Diski mbili ndani ya kasha moja zinaungua moto mmoja.

Ndugu wa mashirika, tunaomba mambo matatu. Tupeni diski mpya, kabati zima tuachieni sisi. Lipeni fundi wa Rumonge afundishe vijana wawili akiwa kazini. Na mradi ukiisha, msituombe nywila wala orodha ya waliohifadhi. Tunajua ripoti inataka idadi, tutawapa idadi. Majina hapana.

Na wewe kijana, usingoje seva. Leo piga picha vyeti vyako na vya wazazi, kwenye mwanga mzuri, kisha nakili kwenye simu ya mtu mwingine unayemwamini. Bati litafuata.