Makande Si Tusi

Ndugu msomaji, leo sikuletei hadithi. Hadithi yangu ndefu bado iko kwenye daftari la tatu, na wahusika wake watanisubiri kidogo. Leo nimekuja na ugomvi. Nagombana na vijana wenzangu wa mjini, nagombana na sisi tunaojiita waandishi chipukizi, na kabla sijamaliza nitagombana na nafsi yangu, maana mshitakiwa namba moja ni mimi.

Kesi yenyewe ni hii. Mama yangu anaishi juu milimani, upande wa Chome. Mwaka jana baada ya mavuno alinitumia kiroba cha maharage na kingine cha mahindi. Vikateremka na gari mpaka stendi ya Same, ambako nafanya kazi kwenye kibanda cha fotokopi. Je, nilivipokea kwa shangwe? Wapi! Nilisubiri giza liingie ndipo nikavibeba, nikavisukuma chini ya kitanda. Geto tunaishi watatu, na sikutaka kuitwa Mpare wa makande. Basi kwa miezi mitatu wadudu walikula maharage ya mama yangu kwa raha zao, na mimi mwenye mali nikawa nakopa pesa nikanunue chipsi!

Asubuhi chai ya rangi na maandazi mawili. Mchana soda na skonzi. Jioni chipsi mayai, siku ikiwa nzuri. Mfuko ukichacha, chai tena. Nilijipa moyo kwamba mwandishi sharti ateseke, eti njaa ndiyo inayonoa kalamu. Uongo mtupu. Njaa ilininoa hadi nikaanguka chini mchana kweupe, karatasi za mteja zikapeperuka stendi nzima. Zahanati wakanipima: damu imepungua. Muuguzi akanipa vidonge vya kuongeza damu, kisha akaniuliza, "Mdogo wangu, kwenu ni wapi?" Nikasema, milimani. Akaniangalia. "Na huko maharage yamekwisha?"

Sikuwa na jibu. Makala hii ndiyo jibu langu.

Hebu tupige hesabu, maana watu wa mjini hupenda kusema chakula bora ni cha matajiri. Chipsi mayai na soda pale ninapokula hunitoka shilingi 4,000. Wiki hii ninapoandika, pesa hiyo hiyo sokoni imenipa kilo moja ya maharage na mafungu mawili ya mchicha. Mayai mawili yana protini kama gramu 12. Kilo ya maharage makavu ina zaidi ya gramu 200. Sasa niambie, bahili ni nani hapo? Yule anayenunua kilo, au yule anayeunyima mwili wake haki ili aonekane ameshika chupa ya soda?

Tena si maharage peke yake. Protini ya mahindi ina upungufu wa kitu kiitwacho laisini, ambacho mwili hauwezi kukitengeneza wenyewe. Maharage yanayo kwa wingi. Na kile ambacho maharage yanapungukiwa, mahindi yanakiongezea. Bibi zetu hawakuwa na maabara, lakini walichanganya viwili hivyo katika chungu kimoja, wakaita makande, wakalea watoto. Sisi tuliosoma hadi kidato cha nne, tukachora na mchoro wa mfumo wa mmeng'enyo wa chakula, ndio tunaoyacheka!

Haya, kuna mengine ambayo muuguzi alinifundisha, na hayana gharama. Chai ya rangi inywe mbali na chakula, kwa sababu inazuia mwili kupata madini ya chuma yaliyomo kwenye maharage na mboga. Badala yake kamulia limau, maana vitamini C inasaidia madini hayo yaingie. Kula dona kuliko sembe nyeupe. Sembe ikikobolewa, pumba na kiini vinaondoka pamoja na nyuzinyuzi na sehemu kubwa ya vitamini, vinakwenda kunenepesha mifugo. Yaani tunalipa zaidi ili kuku wale vizuri kutuzidi!

Najua mtanijibu. Wa kwanza atasema, "Mkaa je? Makande yanakula mkaa kama garimoshi la zamani." Kweli kabisa. Ukipika sufuria moja ya mtu mmoja, faida yote inaishia jikoni. Kwa hiyo loweka usiku kucha, mwaga yale maji, pika sufuria moja kubwa ya watu watatu na mkaa mchangie. Kuloweka kunapunguza muda wa kupika, na kumwaga maji kunapunguza gesi tumboni, jambo ambalo wakazi wa geto lenye dirisha moja wanalielewa bila kuelezwa. Ila Same ni joto. Yakibaki yachemsheni asubuhi, na siku hiyo yaishe. Bora mfuko uchache kuliko makande.

Wa pili atasema, "Wewe una mama mwenye shamba." Hilo nalo ni kweli, nami naona haya zaidi kwa sababu hiyo. Lakini angalia gulio la Same lilivyo. Milima inatuletea ndizi, magimbi, maparachichi, na tangawizi ya Mamba Myamba. Ndungu na Kihurio wanalima mpunga. Tambarare kavu zinatoa kunde, choroko na fiwi. Wafugaji wanaleta maziwa. Dagaa wapo, wanauzwa kwa kipimo cha mfuko wako. Mji mkavu, ndiyo, lakini umekaa miguuni pa ghala.

Wa tatu hana hata hiyo 4,000. Huyo simhubirii. Mtu anayebeba mizigo kutwa nzima na jioni akapata pesa ya andazi hahitaji somo la lishe, anahitaji ujira. Na wale mabwana wanaopita wakituorodheshea matufaa ya kutoka ng'ambo na samaki wasiojulikana kwenye gulio letu, nao wanyamaze kidogo. Wanawafanya watu waamini kuwa afya inauzwa kwenye maduka yenye viyoyozi tu.

Ugomvi wangu ni na sisi wenye uwezo mdogo lakini tunaoutupa kwa aibu. Na aibu hiyo imetoka wapi? Hapa ndipo ninapowageukia ninyi, waandishi wenzangu.

Nilipokuwa nimelala na vidonge vyangu nilifungua daftari zangu nikasoma upya. Sura ya kwanza, shujaa wangu anakimbia kijijini kwa sababu amechoka na makande. Sura ya nne amefanikiwa. Nimejuaje? Anakula kuku na chipsi, mbele yake kuna soda baridi na mrembo! Sasa fungueni na ninyi daftari zenu. Tukitaka kuonyesha mtu fukara, tunampikia makande au mchicha. Tukitaka aonekane amepata, tunamkaangia. Mhusika wetu hajawahi kula maharage kwa furaha hata siku moja. Halafu tunashangaa kijana wa miaka 20 anaficha kiroba chini ya kitanda.

Utani nauheshimu. Ukisema Mpare ni bahili nitacheka, nami nitakutania kwenu. Lakini utani unaomfanya mtu aache chakula chake akapungukiwe damu umekwisha kuwa utani.

Zamani nchi hii ililiona jambo hili ni zito. Mwaka 1973 ilianzishwa Taasisi ya Chakula na Lishe, na mwaka 1975 ikaendeshwa kampeni ya Chakula ni Uhai. Watu wazima walikaa kwa vikundi, wakasikiliza redio, wakajadili wanachokula. Leo vikundi vyetu vya kijiweni vinajadili nani kala wapi. Na utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulikuta watoto 30 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Sisemi chipsi za stendi ndizo zilizowadumaza. Sababu ni nyingi, na umaskini umo. Nasema kwamba sisi tunaoona haya leo ndio akina baba na mama wa kesho. Tutawafundisha nini watoto wetu kuhusu chungu cha bibi yao?

Mwaka 1945 maelfu ya Wapare waliteremka milimani wakaja hapa hapa Same kuipinga kodi ya mbiru ya mkoloni. Nina hakika hawakuja wameshiba chipsi. Waliteremka njia ile ile iliyoleta kiroba changu, wakasimama mchana mbele ya watu. Mimi nikakibeba usiku.

Kiroba nimekitoa. Nilianika maharage juani, nikapeta, nusu yakapona. Wale wenzangu wa geto, niliokuwa nawaogopa, siku ya kwanza walicheka, siku ya pili wakaleta sahani. Kumbe mmoja alikuwa na kiroba cha kunde cha kwao Hedaru, naye kakificha!

Wahenga walisema, usiache mbachao kwa msala upitao. Shujaa wangu naye nimemrudisha sura ya kwanza, anapika upya. Asiyekubaliana nami anijibu kwa kalamu, ukurasa upo. Ila ale kwanza.