Mapato ya Maziwa Si Faida

Kuna maneno mawili ambayo wafugaji wetu wadogo wamezoea kuyatumia kana kwamba ni pacha: mapato na faida. Mapato, kama umbo la neno lenyewe linavyodokeza, ni kile ulichokipata, yaani fedha zilizoingia mkononi. Faida ni kile kinachosalia baada ya gharama zote kutolewa. Mfugaji wa Kangemi au Uthiru akiulizwa ng'ombe wake anamletea faida gani, aghalabu hutaja lita alizouza na bei ya kila lita. Huwa amejibu swali jingine.

Suala hili si la msamiati tu. Si ajabu kumkuta mwalimu aliyechukua mkopo katika chama cha akiba ili anunue ng'ombe wa gredi. Mkopo hukatwa kwenye mshahara kila mwezi, ng'ombe akamwe asikamwe. Akishindwa kumtunza, mwalimu huyo humuuza mnyama kwa hasara, akabaki na deni lisilo na maziwa.

Wapo wanaodai kwamba ng'ombe hana nafasi mjini. Dai hilo halina mashiko. Serikali ilipoondoa udhibiti wa bei ya maziwa mwaka wa 1992, shirika la KCC, lililoanzishwa mwaka wa 1925, lilipoteza ukiritimba wake wa kuuza maziwa mijini. Sheria ya Kaunti ya Nairobi ya mwaka wa 2015 nayo ilitambua kilimo cha mjini na kukiwekea masharti. Fauka ya hayo, mfugaji wa Dagoretti yu karibu na mnywaji chai kuliko mwenzake wa Nyandarua, na gharama ya kusafirisha maziwa yake ni ndogo.

Tatizo liko kwenye hori. Ng'ombe mkubwa wa maziwa hukadiriwa kula kilo 70 hivi za nepia mbichi kwa siku. Kwa mwaka mzima, hizo ni tani 25 na ushei. Kiwanja cha futi 50 kwa 100, ambacho tayari kina nyumba na zizi, hakiwezi kamwe kuotesha majani hayo. Basi yatanunuliwa, na bei yake hupanda wakati wa kiangazi.

Gharama ya pili haionekani kwa macho. Ng'ombe asiye na mimba hutaka dume kila baada ya siku 21 hivi. Mwenye ng'ombe akiwa kazini katikati ya jiji, na mchungaji asipozijua dalili, nafasi hiyo hupita. Zikipita tatu, hizo ni siku 63 za kumlisha mnyama ambaye maziwa yake yanazidi kupungua.

Gharama ya tatu ni ya kazi za nyumbani. Mama anayekama alfajiri na mtoto anayekata majani kabla ya kwenda shuleni hawaandikwi popote. Kazi isiyolipwa si kazi isiyo na gharama. Mtoto anayesinzia darasani ndiye anayeilipa.

Je, ng'ombe wawili watatu hulipa? Hapana shaka wanaweza kulipa, mradi mfugaji awe na shamba la majani au njia ya kuyapata kwa bei nafuu, auze karibu, na ahesabu kila kitu: ndama na samadi upande wa mapato, chakula, daktari, riba ya mkopo na jasho la jamaa upande wa gharama. Anayenunua kila kitu na kuhesabu maziwa pekee anajidanganya.

Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Ningependa walimu wa hisabati wa viunga hivi wamfanye ng'ombe wa jirani kuwa zoezi la darasa, wanafunzi wayaandike mapato na gharama zake kwa muhula mmoja. Huenda baadhi ya wazazi wakajifunza mengi kutoka kwenye madaftari ya watoto wao.