Kuokoa Kunduchi kuanzie mtoni

Ukuta wa bahari uliokamilika mwaka 2018 kando ya Barabara ya Barack Obama, Dar es Salaam, unafanya kazi yake. Barabara ipo, na mawimbi ya bamvua yanapiga zege badala ya kula lami. Lakini sasa kila bahari inapopanda Msasani, Mbezi Beach au Kunduchi, kilio ni hichohicho: na sisi tujengewe ukuta. Hapo hatukubaliani.

Kunduchi haikuanza kuliwa jana. Hoteli ya Africana, iliyovuma miaka ya 1970, iliishia baharini. Jina limebaki kwenye kituo cha daladala Barabara ya Bagamoyo. Wala bahari haikuwa peke yake katika kazi hiyo. Mchanga wa ufukwe ule huletwa na mito, ikiwamo Tegeta na Mbezi. Kusi ikivuma, mawimbi huusogeza kaskazini, na mito huleta mwingine kufidia. Tukiuchota mtoni ukaenda kufyatulia matofali, ule unaosogea haupati wa kuziba nafasi yake. Ufukwe unakonda, minazi inabaki mizizi nje, kisha inalala kifudifudi majini.

Baadhi ya hoteli zilijitetea kwa kupanga matuta ya mawe kuelekea baharini. Aliyejenga alinasa mchanga upande wake wa kusini. Jirani wa kaskazini akaukosa, naye akatafuta mawe yake. Ukuta nao una tabia hiyohiyo. Wimbi likiupiga hurudi na kuchimba mchanga ulio miguuni pake, na pale ukuta unapokoma ndipo ardhi huliwa zaidi.

Kwa mafuriko, ukuta hausaidii hata kidogo. Siku za bamvua, tofauti ya maji kujaa na kupwa Dar es Salaam hupita mita 3. Mvua ya masika ikikutana na bamvua, maji ya Bonde la Mpunga, Msasani, hufika mdomoni mwa mfereji na kukuta bahari iko juu. Yanarudi vyumbani mwa watu, na mama anapandisha magodoro juu ya kabati. Mikoko na maeneo ya wazi ndivyo vilivyokuwa vikipokea maji hayo. Tumevifukia kwa kifusi na kuuza viwanja.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni na kingo za mito. Haihitaji marekebisho. Inahitaji mtu wa kuisimamia, hata mwenye kiwanja akiwa mkubwa.

Vijana wanaopakia mchanga kwa koleo wanatafuta mlo wa siku. Waonyeshwe machimbo halali mbali na mito. Wa kubanwa kwanza ni mwenye lori, na mkandarasi anayenunua bila kuuliza mchanga umetoka wapi.

Tunaitaka Manispaa ya Kinondoni, Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira na Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu wafunge machimbo ya mitoni kabla ya masika ijayo. Kisha mita 60 zipimwe kutoka Msasani hadi Kunduchi, bikoni zisimikwe, na ramani ibandikwe kwenye kila ofisi ya serikali ya mtaa. Fedha za ukuta mwingine ziombwe baada ya hapo.