Si Kila Kipanga Mwizi wa Vifaranga!

Leo siandiki mapenzi wala mitindo. Nina kesi rohoni.

Desemba iliyopita nilitoka zangu Mji Mkongwe nikaenda Bububu kwa bibi. Nikamkuta analalama, vifaranga sita vimebaki vinne. "Mume wangu, kipanga ananimaliza!" Basi bwana, kijana wa mjini nikadaka manati. Juu ya waya wa umeme katulia ndege mdogo wa kijivu, miguu myekundu, mdomo kama ndoana. Jiwe moja tu, chini!

Watoto wa jirani wakashangilia utadhani Kipanga wamefunga bao (timu, si ndege). Kumpasua tumbo, kumbikumbi watupu! Hata unyoya wa kifaranga hamna. Na kesho yake asubuhi kifaranga kingine kikaenda.

Ikabidi niulize wanaojua ndege. Kumbe niliyemuua ni kozi wa Amur, mpita njia. Anatoka kule Urusi na China, anapitia India, anavuka Bahari ya Hindi zaidi ya kilomita 3,000, na uzito wake gramu 150 hivi! Huku kwetu anapita msimu wa vuli akila wadudu, halafu huyoo kusini mwa Afrika. Safari yote ile, aje kufia Bububu kwa jiwe langu.

Mwizi mwenyewe ni kipanga wa kwenye miembe. Sasa sikiliza. Rangi itakuchanganya, maana dume, jike na kinda kila mmoja kavaa lake. Wewe tazama bawa. Kozi bawa lake refu, limechongoka, na anapenda uwazi: waya, mti mkavu, anga tupu. Kipanga bawa fupi la mviringo, mkia mrefu, maana kazi yake kupenya matawini. Huyo hakai wazi ng'o! Anajibanza kwenye majani, ghafla kachomoka. Alfajiri ndiyo hujitangaza: anazunguka juu sana, anatoa mlio mmoja mkavu, ananyamaza kidogo, anarudia. Mwewe je? Huyo mkubwa, mkia wake kama panda ya manati, hawezi kukupotea.

Nilimweleza bibi yote. Akanitazama weee, kisha akasema: "Mgeni umemuua, mwizi umemwacha. Haya, lete tenga."

Vile vitatu vilivyobaki sasa vinafunikwa mpaka jua lipande.