Zulia la Mama Mkwe na Vumbi la Dodoma

Mwezi huu tunazungumzia kitu kilichotandikwa sebuleni, hakina mdomo, lakini kinaweza kuwalaza watu wawili mzungu wa nne. Zulia!

Tangu serikali ilipoanza kuhamia Dodoma mwaka 2016, wenzetu wengi wamefungasha sebule zao Dar es Salaam na kuzishusha Ilazo, Kisasa, Nzuguni na Iyumbu. Sofa imekuja, tivii imekuja, na kwa waliojaliwa limekuja zulia la Kiajemi, lile la sufu lililofumwa kwa mkono. Shangazi alilileta kutoka Muscat, au mama mkwe alilitoa siku ya harusi. Kule pwani tatizo lilikuwa unyevu. Huku ni vumbi, hasa kiangazi kile kirefu cha Mei hadi Novemba, upepo unapoamua kuingia ndani bila hodi.

Ugomvi wenyewe huwa hivi. Mke yuko kazini Mtumba, mume yuko likizo na anataka kumfurahisha. Analikunja zulia, analipakia kwenye pikapu, moja kwa moja hadi wanakoosha magari. Vijana wanalimwagia sabuni ya unga na kulipiga maji ya presha, kisha wanalianika juani. Jioni mke anakuta nyekundu imeingia kwenye nyeupe na zulia limejikunja pembe. "Hili alinipa mama!" "Mimi nilikuwa nakusaidia!" Jamani, wote wawili wanasema kweli. Tatizo ni kwamba hawakuwahi kuzungumza.

Jua ulichonacho

Siyo kila zulia lenye maua ni la Kiajemi. Mengi madukani yametengenezwa na mashine kwa nyuzi za plastiki, na hayo hayahitaji kudekezwa sana. Ligeuze lako. La mkono lina mafundo yanayoonekana nyuma, ua la nyuma linafanana na la mbele, na matamvua, zile nyuzi zinazoning'inia ncha mbili, ni sehemu ya zulia lenyewe. Hayakushonewa baadaye. Kama bado una wasiwasi, chomoa unyuzi mmoja na uuchome mbali na zulia. Sufu hunuka kama nywele iliyoungua na kubaki majivu. Plastiki huyeyuka na kuwa kidonge kigumu.

Ukitaka kujua kazi iliyomo humo, fikiria Msikiti Mkuu wa Sultan Qaboos kule Muscat, uliofunguliwa mwaka 2001. Zulia la ukumbi wake mkuu lilifumwa na wanawake wapatao 600 wa Iran kwa miaka minne, na lina mafundo bilioni 1.7. La kwako ni dogo, ndiyo, lakini nalo limefungwa fundo baada ya fundo na vidole vya mtu.

Mchanga kwanza, maji baadaye

Hapa ndipo wengi tunapokosea huku kwetu. Tunaona zulia limefifia, tunakimbilia ndoo. Kumbe kinachoua zulia ni mchanga uliozama chini kwenye shina la nyuzi. Punje zake zina kingo kali, na kila mnapokanyaga zinasaga sufu polepole. Ukimwaga maji kabla ya kuutoa, umejitengenezea tope ndani ya zulia.

Basi fanya hivi. Kila wiki pitisha mashine ya kufyonza vumbi, ila zima ile brashi inayozunguka, fuata upande nyuzi zinakolalia, na usiguse matamvua. Huna mashine? Fagio laini linatosha. Chelewa ngumu waachie uani. Kisha mara moja kwa mwezi, na mara mbili wakati wa upepo, ligeuze uso chini juu ya turubai safi, uligongegonge mgongoni kwa kiganja au ubao bapa. Linyanyue uone rundo la vumbi jekundu. Utashangaa! Usilitundike kwenye kamba na kulicharaza fimbo kama mwizi, maana uzito wake wenyewe unaweza kukata nyuzi za msingi.

Viatu vibaki mlangoni. Mgeni akiuliza, mwambie kwa tabasamu. Na kila miezi sita lizungushe, upande wa dirishani uje ukutani, ili jua na miguu visile sehemu moja tu.

Chai imemwagika

Usisugue. Chukua kitambaa cheupe cha pamba, kandamiza, ukianzia pembeni kuja katikati. Nyunyiza maji ya baridi kidogo, kandamiza tena. Doa likigoma, changanya siki nyeupe kipimo kimoja na maji vipimo viwili, lakini jaribu kwanza pembeni. Kitambaa kikitoka na rangi, zulia linachuja, acha hapo hapo.

Jiki, maji ya moto na sabuni ya unga ni marufuku. Sufu ni manyoya ya kondoo, yaani protini, na sabuni nyingi za unga zina vimeng'enya vya kula protini. Vinakula doa, halafu vinaendelea na zulia.

Kulifua zima ni kazi ya fundi anayejua sufu. Muulize mapema: anatumia sabuni gani, anapimaje kama rangi inachuja, anakausha wapi? Akijibu "tunapiga presha tu, dada", mshukuru na uondoke. Likilowa kwa bahati mbaya, linyanyue sakafuni, liinue hewa ipite pande zote mbili, kivulini, likauke upesi kabla pamba ya ndani haijaanza kuoza.

Wageni wa gizani

Chini ya sofa, kusikofagiliwa, nondo hutaga, na funza wake hula sufu. Mchwa wa Dodoma nao mnawajua, hawaombi ruhusa. Sogezeni sofa mara moja kwa mwezi. Mkisafiri muda mrefu, zulia likiwa safi na kavu lizungushieni kama mkeka, msilikunje, mlivike shuka la pamba badala ya nailoni, na mliweke juu ya kitu, mbali na sakafu.

Kaeni chini mzungumze

Dada wa kazi naye afundishwe, asije akabeba lawama ya jambo ambalo hakuna aliyemwambia. Halafu ninyi wawili mkubaliane leo: nani anapitisha mashine, nani anashika upande wa pili wakati wa kuligeuza, na kwamba hakuna anayelitoa nje kwenda kufuliwa bila mwenzake kujua. Zulia zito halinyanyuliwi na mtu mmoja, na ukilazimisha, litaburuzwa na kuchanika.

Jumamosi hii anzeni na kuligeuza tu. Mtaona wenyewe mlikuwa mnakanyaga nini. Tukutane toleo lijalo, inshallah.