Bima ya mabomba: kabla ya kutia saini, litazame bomba lako

Mwezi uliopita bili yetu ya maji ilikuja mara tatu ya kawaida. Nyumba ni ya urithi, ya ghorofa moja, hapa Mombasa kisiwani. Chini anakaa shangazi yangu, juu nakaa mimi na watu wangu. Kila upande uliushuku mwenzake kuwa umeacha mfereji wazi. Siku ya tano shangazi akaniita nikaguse ukuta wa jikoni kwake. Chokaa ilikuwa imelowa hadi kiunoni. Fundi alivunja sakafu akatoa kipande cha bomba la chuma kilicholiwa na kutu hata kikamomonyoka mkononi.

Bomba jipya la plastiki, saruji, vigae na ujira wa fundi vilitugharimu shilingi 31,000. Bili nayo tukailipa yote, kwa sababu maji yalikuwa yameshapita kwenye mita.

Wiki hiyo hiyo kijana mmoja wa mtaani, wakala wa bima, akanijia na fomu. "Ami, ungekuwa na bima saa hii ungekuwa umelala usingizi wako," akaniambia. Nilikaribia kutia saini. Shangazi ndiye aliyenizuia: "Mwanangu, kwanza muulize, bima hiyo italipa kutu?"

Swali hilo ndilo msingi wa mambo yote, na nadhani linawahusu wengi wetu hapa Pwani.

Kwanza tujue bomba ni la nani. Kwa kawaida, kampuni ya maji hushughulika na bomba kubwa hadi kwenye mita. Kuanzia mita kuingia ndani ni juu yako. Maji taka ni vivyo hivyo: kilicho ndani ya ua wako ni mzigo wako mpaka pale unapoungana na bomba la umma. Na wengi wetu hata bomba hilo la umma hatuna. Tuna makaro. Karo likijaa, hiyo si ajali. Ni jambo linalojulikana kuwa litafika, na usitarajie bima ikulipie gari la kunyonya.

Pili, tujue bima inalipa nini. Marekani na Uingereza kuna bima inayouzwa peke yake kwa ajili ya bomba la nyumba. Kwetu jambo hili aghalabu limo ndani ya bima ya nyumba, katika kifungu cha kupasuka kwa mabomba na kufurika kwa matangi. Soma kifungu hicho polepole. Mara nyingi kinalipa uharibifu ulioletwa na maji, yaani dari, makochi na friji, wala si bomba lenyewe. Kinataka tukio la ghafla. Uchakavu na kutu vimeachwa nje. Na nyumba ikikaa tupu kwa muda, mara nyingi siku 30, kinga hiyo inaweza kusimama. Wenye nyumba zilizofungwa huku wenyewe wako Ghuba walitilie maanani hilo.

Sasa tupige hesabu ya mfano. Tuseme unalipa 9,000 kwa mwaka, na katika kila hasara unabeba 10,000 za mwanzo mwenyewe. Kwa miaka mitano umetoa 45,000. Hasara yetu ya 31,000, hata kama ingekubaliwa yote, ingeturudishia 21,000. Kwa kuwa ilikuwa kutu, pengine tusingepata hata senti. Lakini tangi la juu likipasuka usiku na kumharibia shangazi vitu vya 200,000, bima ingeleta 190,000. Hapo ina maana. Bima inafaa kwa hasara ambayo huwezi kuibeba. Ile unayoiona ikija, itengeneze.

Na inakuja. Mombasa inakunywa maji ya Mzima, Baricho, Marere na Tiwi, yote kutoka mbali, na bomba la Mzima ni la miaka ya 1950. Maji huja kwa zamu, na kila yanaporudi kwa kishindo viungo vichakavu hupata mtihani. Majumbani tunaongezea maji ya chumvi ya visima, yanayokula chuma. Bwawa la Mwache kule Kwale linajengwa ili kuongeza maji. Tunaomba likamilike salama, lakini maji mengi ndani ya mabomba mabovu yatamaanisha kuvuja zaidi. Serikali ya kaunti na kampuni za maji zina wajibu wa mabomba ya umma, kwani Katiba, kifungu cha 43, inatupa haki ya maji safi. Wajibu huo hauvuki mita yako.

Wapo wanaojiepusha na bima kwa sababu za dini. Hao wanaweza kuangalia takaful, ambapo wanachama huchangia mfuko mmoja na kusaidiana. Ila masharti nayo yasomwe vilevile. Takaful haimaanishi kuwa kutu italipwa. Na wenye nyumba bila ardhi, ambao bomba lao linapita kwenye kiwanja cha mtu mwingine, waulize mapema kama sehemu hiyo imo, na jibu walipate kwa maandishi.

Sisi tumeamua hivi. Kila upande wa nyumba unatoa 1,500 kwa mwezi, zinakaa kwa shangazi. Kwanza tunang'oa chuma chote kilichobaki. Kila baada ya wiki mbili tunafunga mifereji yote usiku na kusoma mita. Asubuhi ikiwa imesogea, tunajua kuna mahali panavuja. Bomba likiwa zima, nitamwita yule kijana nichukue bima ya vitu vya ndani na ya madhara kwa jirani, maana mimi nakaa juu ya kichwa cha shangazi yangu.

Kijana nilimweleza hayo. Hakununa. Alikaa kimya kidogo, kisha akaniuliza namba ya yule fundi. Kumbe kwao pia ukuta umeanza kulowa.