Sale Si Njia ya Kupita Tu

Kila mwaka, katika shule za sekondari nchini, mwalimu wa jiografia huchora ubaoni Bonde la Ufa. Huchora kingo zake mbili, huweka alama ya volkano, huandika jina la Oldoinyo Lengai, kisha huwaeleza wanafunzi kwamba hakuna volkano nyingine hai duniani inayotoa lava ya magadi kama mlima huo, lava ambayo hutoka ikiwa nyeusi na kugeuka nyeupe baada ya kupoa. Wanafunzi hunakili. Mtihani hufika, swali hujibiwa, alama hutolewa. Lakini mara nyingi mwalimu huyo mwenyewe hajauona mlima huo kwa macho yake, hata kama kituo chake cha kazi kimo katika mkoa huo huo wa Arusha. Hilo si kosa lake peke yake. Ni dalili ya jambo kubwa zaidi: nchi hii huelezwa kwa wananchi wake vitabuni, na kuonyeshwa kwa wageni.

Hakuna anayebeza faida ya wageni. Mwaka 2023 watalii wa kimataifa walioingia Tanzania walizidi milioni 1.8, na fedha walizoleta ni nguzo ya uchumi wa taifa. Hata hivyo, swali la zamani halijafutika: utalii ni kwa faida ya nani? Swali hilo liliulizwa hadharani mwaka 1970, pale vijana wa TANU na wapinzani wao katika hoja walipolumbana katika gazeti la The Standard, na mjadala huo ukakusanywa katika kitabu kilichohaririwa na Issa Shivji na kuchapishwa mwaka 1973. Wapo waliohofu kwamba taifa lililotangaza Azimio la Arusha mwaka 1967 lingegeuka kuwa taifa la kuwahudumia matajiri wa ng'ambo. Wengine walijibu kwamba fedha za kigeni zilihitajika kwa maendeleo. Kilichozungumzwa kidogo sana ni uwezekano kwamba mtalii angeweza kuwa karani wa wilaya, muuguzi, au mwalimu wa shule ya msingi.

Tarafa ya Sale, katika Wilaya ya Ngorongoro, ni mahali pazuri pa kulipima swali hilo. Magari yanayotoka Mto wa Mbu hupita Engaruka, hupita chini ya Oldoinyo Lengai na kando ya Ziwa Natron, kisha hukwea ukingo wa bonde na kuingia Sale, yakielekea Waso na lango la kaskazini la Serengeti. Kwa mwandaaji wa safari, Sale ni saa chache kati ya ziwa na mbuga. Kwa Watemi, ambao wengi huwajua kwa jina la Wasonjo, Sale ni nyumbani. Gari hupita, vumbi hutua, mwenyeji hubaki na vumbi.

Mtumishi wa umma aliyejipangia wiki moja, akiwa na hema, sufuria, maji na wenzake wanne au watano wa kuchangia gari, angeona nini katika njia hiyo hiyo?

Kwanza angesimama Engaruka, katika Wilaya ya Monduli. Hapo yapo mabaki ya mashamba ya mawe na mifereji iliyoenea katika eneo la takriban kilometa za mraba 20, kazi ya wakulima walioishi hapo kati ya karne ya 15 na ya 18. Hawakuwa na saruji wala mkandarasi. Walikuwa na mteremko, mawe, maji ya mito itokayo nyanda za juu, na utaratibu wa kugawana maji hayo. Mwalimu wa historia anayewaambia watoto kwamba Mwafrika hakungoja mkoloni ili ajue kilimo cha umwagiliaji, hapa hupata ushahidi wa kuukanyaga.

Kutoka hapo angefika Ngare Sero na kupiga kambi chini ya mlima uliolipuka mwaka 1917, 1940, 1966 na tena kuanzia mwaka 2007. Karibu na ziwa angeonyeshwa nyayo zaidi ya 400 za binadamu wa kale, zilizohifadhiwa katika majivu ya volkano yaliyoganda. Katika Ziwa Natron, lililotambuliwa mwaka 2001 chini ya Mkataba wa Ramsar kuwa ardhioevu yenye umuhimu wa kimataifa, angewaona ndege aina ya heroe wadogo, ambao hapo ndipo mahali pao pakuu pa kuzaliana katika Afrika Mashariki yote. Upande wa magharibi wa ziwa hilo, mahali paitwapo Peninj, ndipo Kamoya Kimeu, Mwafrika kutoka Kenya, alipogundua mwaka 1964 taya la zamadamu wa jamii ya yule aliyepatikana Oldupai mwaka 1959. Yafaa walimu walikumbuke jambo hili. Taya la Peninj liliokolewa na jicho la Mwafrika, na nyayo za Ngare Sero zilitambuliwa kwanza na mwenyeji wa hapo hapo kabla ya wataalamu kuja kuzipima. Elimu ya pembe hii ya nchi ilianzia katika macho ya watu waliokuwa karibu nayo.

Siku ya nne msafiri angekwea ukingo na kufika Sale, Digodigo na Samunge. Mtu anayepita tu huona vilima, miti na mashamba. Anayelala hapo siku mbili huona utawala. Maji ya chemchemi na vijito huongozwa kwa mifereji hadi mashambani, na kwa vizazi vingi zamu za maji zimekuwa zikigawiwa na baraza la wazee waitwao wenamiji. Mwanazuoni Robert Gray aliuandikia utaratibu huo kitabu kizima, kilichotoka mwaka 1963. Misitu inayozunguka chemchemi huheshimiwa kama mahali patakatifu, na kwa heshima hiyo chemchemi zimesalimika. Engaruka ni mifereji iliyokauka na watu walioondoka. Kwa Watemi, maji yangali yanatiririka. Kuziona sehemu hizo mbili katika wiki moja ni somo la uraia ambalo halipatikani katika semina yoyote.

Haiwezekani kusema kwamba Watanzania hawaijui njia ya Sale. Mwaka 2011 walifika Samunge kwa maelfu, kwa mabasi, malori na magari madogo, wakitafuta kikombe cha dawa cha Mchungaji mstaafu Ambilikile Masapila, aliyefariki mwaka 2021. Kikombe kilikuwa shilingi 500. Foleni ya magari ilienea kwa kilometa nyingi, na watu walilala garini na chini ya miti kwa siku kadhaa. Wapo wagonjwa waliofariki wakingoja. Ile ilikuwa kambi kubwa kuliko zote zilizopata kupigwa katika tarafa hiyo, lakini ilikuwa kambi ya dhiki. Hapakuwa na matayarisho ya maji, vyoo wala malazi kwa umati ule, na foleni zilipokwisha wengi waliondoka bila kujua walikuwa wamelala katika nchi ya watu gani. Yaani taifa zima lilifika Sale bila kuiona.

Tangu wakati huo njia imebadilika. Kipande cha kilometa 49 kati ya Waso na Sale kimejengwa kwa lami. Ni kazi ya kupongezwa. Lakini lami haichagui inamfaidi nani. Inaweza kumleta mnunuzi wa asali na mgeni wa kulala, na inaweza vilevile kuongeza mwendo wa gari lisilosimama.

Jambo hili lina uzito wa pekee katika wilaya hii. Mwaka 2022 kilometa za mraba 1,500 za Loliondo ziliwekewa mipaka kwa ajili ya uhifadhi, na zoezi hilo liliambatana na mvutano na malalamiko ya wananchi ambao huitegemea ardhi hiyo kwa malisho. Mwananchi aliyeambiwa kwamba ardhi itengwe kwa manufaa ya taifa ana haki ya kuuliza manufaa hayo yako wapi. Jibu la haki si hotuba. Jibu ni taarifa ya mapato inayosomwa katika mkutano mkuu wa kijiji, darasa lililoezekwa, zahanati yenye dawa, na kijana wa Digodigo anayelipwa kwa kuwaongoza wageni katika mifereji ya babu zake. Mahali ambapo majibu hayo hayaonekani, neno utalii litaendelea kusikika masikioni mwa wananchi kama jina jingine la kunyang'anywa.

Watasema wapo kwamba mshahara wa mwalimu hautoshi kwa matembezi. Ni kweli kwamba hautoshi kwa hoteli za ukingoni mwa kreta. Ndiyo maana ya hema. Kiingilio cha mwananchi katika hifadhi ni sehemu ndogo tu ya kile anacholipa mgeni kutoka nje, na mtumishi wa umma ana likizo ya siku 28 kwa mwaka. Vyama vya wafanyakazi na vyama vya akiba na mikopo, ambavyo huwakopesha wanachama kwa harusi na kwa bati, haviwezi kushindwa kununua mahema kumi na kuyaazima kwa zamu. Shule zilizo njiani zina viwanja ambavyo wakati wa likizo hukaa vitupu. Halmashauri za Karatu na Ngorongoro zinaweza kukubaliana na vijiji juu ya maeneo ya kambi yenye choo, maji na mlinzi, ada ikilipwa kijijini kwa risiti. Neno kambi si geni kwa taifa hili. Vizazi vya vijana vilipiga kambi katika Jeshi la Kujenga Taifa, vikajifunza kwa jembe kwamba nchi ni kubwa kuliko kijiji cha mtu. Kinachohitajika ni uamuzi, si muujiza.

Lakini kambi ina adabu zake. Anayefika kwanza apige hodi kwa uongozi wa kijiji. Asiingie katika msitu wa chemchemi bila idhini ya wazee. Asikate kuni mbichi, asioshe vyombo katika mfereji ambao mwingine anaungojea kwa zamu, na takataka alizokuja nazo aondoke nazo. Asimpige mtu picha kama anavyompiga twiga. Chakula na asali anunue kwa bei halali, asitumie cheo chake kupunguziwa. Mtumishi wa umma anayekwenda Sale haendi kukagua. Anakwenda kujifunza, na kwa siku chache wenyeji ndio walimu wake.

Siku ya mwisho msafiri huyo angerudi kwa njia ya Serengeti na Ngorongoro, akashuka hadi Karatu, na Jumatatu akawa ofisini au darasani. Bonde la Ufa lingechorwa tena ubaoni, lakini safari hii mchoraji angejua harufu ya magadi, joto la mchana kando ya Natron, na sauti ya maji yanayoingia shambani usiku kwa zamu ya mtu fulani. Wanafunzi wangeitambua tofauti hiyo upesi kuliko mkaguzi yeyote.

Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Hawakusema mgeni pita.